Basi Linaloondoka kwa Saa

Ituri, huku kaskazini mashariki mwa Kongo, ni nchi ya watu waliozoea kusafiri pamoja, na wanaosema kwamba gari la abiria ni jambo geni kwetu wameisahau historia yetu. Barabara zetu zilichongwa kwa ajili ya dhahabu ya Kilo na Moto, pamba na kahawa. Abiria alidandia tu kilichokuwa kikipita. Reli nyembamba ya Vicicongo, yenye upana wa sentimita 60, ilianza kujengwa 1924 huko Aketi, ikafika Mungbere 1937, ikaishia hapo bila kufika Bunia, mji wetu mkuu. Kwenye Ziwa Albert, meli Robert Coryndon iliunganisha Butiaba ya Uganda na Kasenyi na Mahagi-Port tangu miaka ya 1930, mpaka mafuriko ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 yalipoiharibu bandari ya Butiaba na safari hizo zikafa. Vyombo hivyo vilikuwa vya wakoloni, na viti vyake viligawanywa kwa rangi ya ngozi. Sivisifu kwa hilo. Navikumbusha kwa sababu moja tu: vilikuwa na ratiba. Mtu wa Djugu au Mahagi aliyetaka kusafiri aliweza kujua siku ya kuondoka kabla ya kufunga mzigo wake.

Ratiba ndiyo iliyotutoka kwanza. Baada ya 1973, serikali ya Zaire ilipotwaa biashara za wageni na kuzigawa, magari mengi yalikosa vipuri na barabara zikakosa wa kuzitengeneza. Lori likawa ndilo gari la abiria. Kutoka Kpandroma, huko juu kwenye baridi karibu na Rethy, mbatata, kabichi na maharagwe vilishuka Bunia, umbali wa zaidi ya kilomita 100, na watu wakikaa juu ya magunia. Lori liliondoka lilipojaa, likalala lilipokwama. Kisha vikaja vita vya 1999 hadi 2003, na njia ya kwenda Mahagi ikafungwa na bunduki. Amani iliporudi kidogo, pikipiki za Senke na baadaye TVS zilikuwa zimeshaingia kutoka Uganda, na kwa baadhi ya vijana walioweka silaha chini katika mpango ulioanza 2004, umotari, yaani kubeba abiria kwa pikipiki, ulikuwa kazi ya kwanza isiyohitaji bunduki. Kwa hiyo abiria wa Kpandroma hawakuliacha gari la pamoja kwa kulichukia. Gari ndilo lililowaacha, nao wakapanda kilichokuwepo.

Hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Mahubiri ya kuwaambia watu wapande basi hayatafaa kitu ikiwa basi lenyewe haliondoki kwa saa inayojulikana. Watu hununua uhakika kabla ya kununua kiti. Na gari linaweza kufundishwa utaratibu: Kenya iliwahi kuyabana magari ya abiria kwa kanuni. Matatu, yaani mabasi madogo ya watu binafsi, ziliruhusiwa rasmi 1973, zikaongezeka mpaka zikawa tisho barabarani. Mwaka 2004 sheria zilizohusishwa na waziri John Michuki zikadai mikanda, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, sare za wafanyakazi na idadi maalumu ya abiria. Wenye magari waligoma, abiria wakatembea kwa miguu siku kadhaa, lakini magari yalirudi yakiwa na mikanda. Utekelezaji ulilegea baadaye, ni kweli. Hata hivyo ilionekana kwamba gari la mtu binafsi linaweza kushikwa na kanuni ya wote. Dar es Salaam ilikwenda mbali zaidi: tangu Mei 2016 mabasi ya mwendo kasi yalipewa njia yao peke yao kutoka Kimara hadi Kivukoni. Sisi hatuhitaji njia ya namna hiyo. Tunahitaji saa, kiti na jina la dereva.

Wapo wanaosema basi litaokoa esansi, yaani petroli. Ni kweli, ila tusiitie chumvi hoja hiyo. Pikipiki ndogo iliyobeba abiria wawili inaweza kunywa kama lita tatu kwa kilomita 100, yaani lita moja na nusu kwa kila abiria. Basi dogo lenye watu 15 linalokunywa lita 12 halifikii lita moja kwa mtu. Tofauti ipo, lakini kwa barabara yetu yenye mashimo inaweza kuliwa na vipuri. Faida kubwa iko kwingine. Iko kwa mama mjamzito anayepelekwa hospitali ya Rethy akikaa kati ya motari na shemeji yake kwenye utelezi, na kwa mwanafunzi anayefika Bunia akiwa amelowa. Iko pia kwa mfupa wa mguu unaovunjika, kwa sababu juu ya pikipiki hakuna bati kati ya mtu na lori.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni usalama, na silipiti haraka. Tangu mwisho wa 2017 Djugu imekuwa mahali pa mauaji. Hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi, iliyoanza Mei 2021 haikuyakomesha, na mashambulio kwenye barabara ya taifa namba 27 yaliendelea. Basi likivamiwa, wengi hufa mara moja. Siku ambayo njia ina habari mbaya, basi lisiondoke, wala pikipiki pia. Lakini siku za kawaida, mtu aliye peke yake na motari anaweza kutoweka asijulikane mpaka kesho kutwa. Basi lina orodha ya majina, saa ya kuondoka na saa ya kungojwa. Lisipofika, kuna anayepiga simu. Na kwenye barieri, yaani vizuizi vya barabarani, watu kumi na watano wanaoona pesa zikidaiwa bila risiti ni mashahidi kumi na watano.

Wengine wanauliza motari watakula nini. Watakula kwenye vijia. Hakuna basi litakaloingia kila kilima, na mbatata haiwezi kushuka barabarani yenyewe. Pikipiki ni ya kuleta watu mpaka kituoni, basi ni la kuwapeleka mbali. Chama chao kikipewa hisa katika basi la kwanza, hawatakuwa wapinzani wake. Kuhusu mashimo yanayokula vipuri, Mfuko wa Taifa wa Matengenezo ya Barabara, FONER, umewekwa kwa sheria tangu 2008, na esansi hulipiwa ushuru kwa ajili yake. Ni haki yetu kudai sehemu ya fedha hizo irudi kwenye udongo tunaoupita.

Wafanyabiashara wa soko la Kpandroma, anzeni na gari moja. Liondoke saa kumi na mbili asubuhi, limejaa au halijajaa, na liondoke vivyo hivyo kesho yake. Nanyi mnaosafiri, lipandeni hata wiki ile ambayo motari yuko tayari mlangoni.