Milioni Nne Nilizozificha

Nilimficha mume wangu shilingi milioni 4 kwa miaka miwili, huku nyumba yetu ya hapa Tarakea ikilipiwa riba ya asilimia 16. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yalitokana nalo.

Pesa hizo zilitoka kwenye viazi na maharage niliyowauzia wafanyabiashara wanaovuka mpaka kutoka Kenya. Nilizipeleka benki kidogo kidogo. Nilijiambia ni za ugonjwa, za ada, za msiba. Kwa kweli nilipenda tu kujua kwamba zipo na ni zangu. Tulipoamua kujenga, kihamba chetu, yaani shamba letu la ukoo, hakikuwa na hati ya kuweka rehani, nikakopa kwa mshahara wangu wa ualimu: milioni 12, miezi 60, rejesho la shilingi 291,800 kuanzia Januari 2021. Kabla sijasaini mume wangu aliniuliza, "Mama, huna hata kidogo tupunguze huu mkopo?" Nikamjibu sina.

Desemba ya mwaka huo ndugu walikuwa njiani kupanda kutoka Dar, na dari lilikuwa halijapigwa. Mume wangu alimtoa bandani ng'ombe wetu wa maziwa, yule aliyekuwa akimkatia majani mwenyewe kila alfajiri, akamuuza. Nilisimama migombani nikiangalia anavyoswagwa kuelekea barabarani. Sikusema neno.

Desemba 2022 niliomba taarifa ya mkopo. Nilikuwa nimelipa kama milioni 7, lakini deni lilikuwa limepungua kwa milioni 3.7 tu. Milioni 3.3 zilikuwa riba. Akiba yangu nayo ilikuwa ikinipa asilimia 3 kwa mwaka, tena kabla ya kodi. Uingereza na Australia kuna mikopo ya nyumba inayoambatana na akaunti ya akiba: ukidaiwa 12 na ukawa na akiba ya 4, riba inahesabiwa kwenye 8. Mkopo wangu haukuwa wa namna hiyo. Pesa zangu zililala upande mmoja, deni likatozwa riba upande wa pili, na aliyezitenganisha ni mimi.

Usiku huo nilimwambia mume wangu yote. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama tungeweza kutomuuza ng'ombe. Nikamwambia ndiyo.

Tulibakiza milioni 1 kwa ajili ya ugonjwa, milioni 3 tukazilipa. Sikuziweka tu kwenye akaunti ya mkopo bila maelezo. Niliandika barua kuomba zipunguze deni lenyewe, rejesho libaki vilevile, muda ndio ufupishwe. Miezi 36 iliyobaki ikawa 21, tukamaliza Septemba 2024. Tungezilipa mwanzoni kabisa, tungemaliza Aprili. Marejesho matano, karibu milioni 1.46, ndiyo gharama ya siri yangu, na ng'ombe simhesabu humo.

Wewe mwenye mkopo na akiba kwa wakati mmoja, kaombe taarifa ya mkopo wako wiki hii. Uliza kama mkataba unatoza chochote kwa kulipa kabla ya muda. Kisha mwite mwenzako, mkae mezani, muisome pamoja.