Mchongaji wa Nsukka na Vitu Vilivyotupwa

Nsukka ni mji wa vilima na udongo mwekundu, kusini-mashariki ya Nigeria. Msafiri auingiapo huona mambo ayajuayo: soko, akina mama na mihogo yao, vibanda vya pombe, na takataka kando ya njia. Aghalabu hupita bila kugeuka. Hata hivyo, katika mji huo aliishi kwa miaka mingi mtu aliyezitazama takataka hizo kwa jicho jingine.

Mtu huyo ni El Anatsui. Alizaliwa mwaka 1944 huko Anyako, Ghana, katika jamaa yenye wafumaji wa nguo za kente. Chuoni Kumasi alifundishwa sanaa kwa mtindo wa Ulaya. Alipohitimu na kuwa mwalimu mjini Winneba, aligeukia sokoni. Alitwaa sinia za mbao ambazo wachuuzi hupangia bidhaa zao, akazichoma alama kwa chuma cha moto.

Mwaka 1975 alihamia Nsukka kufundisha katika chuo kikuu. Vita vya Biafra, vilivyopiganwa tangu mwaka 1967 hadi 1970, vilikuwa vimeujeruhi mji huo. Hapo akafinyanga vyungu vilivyovunjika, kwani kwake chungu kikivunjika hakifi, bali huanza kazi nyingine.

Mwaka 1980, akiwa Marekani kwa muda, alishika msumeno wa mota. Patasi hutii mkono. Msumeno huo hurarua. Anatsui aliupenda kwa sababu hiyo hiyo, maana majeraha yake katika mti yalifanana na jinsi madola ya Ulaya yalivyolikatakata bara la Afrika. Aliporejea Nsukka alipanga vibao vya miti ya rangi mbalimbali ubavu kwa ubavu, akavichanja, akavichoma moto na kuvipaka rangi.

Mwaka 1996 alikwenda Denmark. Ufukweni aliokota magogo yaliyoletwa na maji, akayaunganisha na vyuma, akayasimamisha mfano wa umati wa watu. Ulikuwa ukumbusho wa watumwa ambao merikebu za nchi hiyo ziliwachukua kutoka pwani ya Ghana.

Kisha, mwaka 1998, karibu na Nsukka, alikuta mfuko wa vifuniko vya chupa za pombe kali. Alivibonda, akavikunja na kuvishona kwa waya wa shaba, akisaidiwa na vijana wa mji. Zikatoka shuka kubwa zing'aazo kama kente, laini machoni ingawa ni bati. Ndani yake mna historia chungu: pombe ya Ulaya ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizobadilishwa kwa binadamu katika pwani ile.

Kazi hizo zilifika Venice mwaka 2007, na mwaka 2015 maonyesho ya mji huo yakamtunuku Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake. Mwaka 2023 zilitundikwa katika ukumbi mkubwa wa Tate Modern, London.

Sinia, chungu, gogo na kifuniko: hakuna hata kimoja kilichonunuliwa katika duka la vifaa vya wasanii. Vyote vilikuwa njiani, na wengi walivikanyaga. Mwenye macho haambiwi tazama.