Mtego Hauchagui

Baba yangu alikuwa mwindaji katika msitu wa Walikale, nami tangu utoto nalijua kupinda mti na kufunga waya wa mtego. Nyama ya mwituni, iliyouzwa mpaka sokoni Masisi, ndiyo iliyonilipia karo ya shule. Nasema haya mapema, msije mkanidhania mtu mwema kupita wengine.

Nilipokuwa nikisomea uganga wa wanyama, nalipelekwa Lwiro miezi mitatu kujifunza kazi. Ni karibu na Hifadhi ya Kahuzi-Biega, ambayo msitu wake wafika hata kwetu. Huko, tangu mwaka 2002, hutunzwa sokwe na kima waliookolewa mikononi mwa wawindaji na wachuuzi. Wengi ni yatima. Maana sokwe hamwachi mtoto wake, na amtakaye mtoto humwua mama kwanza.

Siku moja aliletwa sokwe mdogo, hajatimiza miaka miwili. Tuliambiwa kwamba alinaswa, mama akaja kumnusuru, akauawa papo hapo. Waya ulikuwa umezama katika kifundo cha mkono. Mgeni hutengwa kwanza na kupimwa, kwa kuwa maradhi yetu huwashika wao, na yao hutushika sisi. Mlezi mmoja alimpakata na kumnywesha maziwa. Mimi nikaukata waya. Hapo nikalitambua fundo. Halikuwa la baba yangu, lakini ndilo fundo alilonifundisha.

Niliporudi nyumbani nikamsimulia. Akanyamaza, kisha akasema: "Mwanangu, mimi natega paa."

"Baba, mtego hauchagui."

"Na wadogo zako wale nini?"

Swali hilo, wasomaji wapenzi, halikuwamo katika vitabu vyangu. Sheria ya nchi ya mwaka 2014 yamwadhibu amwuaye mnyama aliyehifadhiwa, lakini sheria haitiwi chunguni. Kwa posho yangu nikanunua kuku watano na jogoo, tukajenga banda pamoja. Kideri kikawaua karibu wote. Tukaanza tena, safari hii kwa chanjo. Baba hakuacha kutega siku moja. Aliacha polepole, mtego baada ya mtego, kadiri mayai yalivyoongezeka.

Sokwe yule alipona, ijapokuwa vidole viwili havikunjiki. Amhurumiaye yatima wa msituni asimsahau mwenye njaa kijijini. Waya ule ninao hata leo. Ndio unaofunga mlango wa banda la kuku.