Kabla ya Mimba Kushika

Asubuhi moja mimi na mke wangu tulipanda kilima cha Upper Hill, hapa Nairobi, tukaipita Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, tukaingia katika zahanati ambamo mayai yake yalikuwa yamerutubishwa ndani ya kisahani cha kioo. Tulikuwa na miaka saba ya ndoa bila mtoto, na jamaa walikuwa wamekwisha kumtupia yeye lawama.

Ilikuwa siku ya nne. Viinitete vilikuwa sita, nasi tulingoja kuambiwa kama seli zake zimeshikana.

Wewe, msomaji, wajua kwamba yai lililorutubishwa hugawanyika: seli mbili, nne, nane. Mwanzoni seli hukaa kama machungwa kikapuni; zagusana, lakini kila moja ina umbo lake. Kisha hujibana hata zikawa donge moja. Kinachozishika ni protini iitwayo kadherini-E. Protini hiyo huhitaji kalsiamu: kiinitete cha panya kikinyimwa kalsiamu, donge hulegea, kikirudishiwa, hukaza tena.

Utauliza: je, gundi hiyo huletwa siku ile? La. Katika panya imo tangu yai, nayo hungoja. Mwaka 1990 watafiti walikiamsha kimeng'enya kimoja kinachobandika fosfati juu ya protini, na viinitete vya seli nne vikajikaza kabla ya wakati wake. Mwaka 1992 wengine wakaeleza kwamba kadherini yenyewe hubandikwa fosfati katika hatua ya seli nane, wakati uleule wa kushikana. Fosfati si jibu lote. Lakini twajifunza kwamba kuwa na gundi hakutoshi, sharti gundi iwe tayari.

Daktari alitoka akatuambia: viwili vimeshikana, vinne havikushikana.

Tulipokuwa tukiteremka, mke wangu aliniuliza, "Mwalimu, vile vinne nilivikosea nini?"

Nilimjibu kwamba hakuvikosea lolote. Mambo hayo hutendeka ndani ya kitu chenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita, wala hakuna mama awezaye kuyaamuru.

Sisi husema kwamba mwanamke ameshika mimba. Lakini kabla mama hajaishika, seli zenyewe hazina budi kushikana. Basi, ndugu msomaji, ukimsikia mtu akimlaumu mwanamke kwa mimba isiyoshika, usinyamaze. Mweleze ulilojifunza.