Hesabu ya Gurudumu

Mpwa wangu alipopata Toyota GT86, alitamani kwanza rimu za inchi 19. “Mjomba, zitapendeza!” Sikubishana naye, nilichukua chaki.

Tairi za kiwandani zimeandikwa 215/45 R17: upana wa milimita 215, ukuta wenye kimo cha asilimia 45 ya upana huo, rimu ya inchi 17. Gurudumu zima lina kimo cha milimita 625 hivi. Muuzaji alimpendekezea 225/40 R19. Tukakokotoa: 663! Mshale ungeonyesha kilometa 100 kwa saa, ilhali gari linakwenda 106, na wadogo zake wamo kiti cha nyuma. Akanyamaza.

Akajaribu 225/35. Kimo kilishuka hadi 640, lakini ukuta wa tairi haukufika hata milimita 79. Na mashimo ya barabara zetu, vijana, mnayajua.

Isitoshe, GT86 ina matundu matano ya nati katika duara la milimita 100. Rimu alizozipenda zilikuwa za 114.3. Naye alikwisha kutoa arbuni.

Arbuni haikurudi. Leo anatumia zile za inchi 17, amezipaka rangi nyeusi mwenyewe. Nakiri, zinapendeza.