Takataka za Bukavu na Taa Zake

Kila mgeni aushangilia mji wa Bukavu anapoukaribia kwa njia ya ziwa. Rasi zake zaingia katika maji ya Kivu kama vidole vya mkono, na nyuma yake vyapanda vilima. Sisi nasi tuliushangilia. Lakini safari hii tuliazimia kutazama kitu kisichosifiwa na mtu, yaani mitaro, na kuyafuata maji yake mpaka yaendako.

Tulianzia Kadutu, asubuhi, baada ya mvua kubwa ya usiku. Tangu vita vya 1996 wanavijiji wengi mno walikimbilia mjini kutafuta usalama, wakajenga nyumba za mbao na mabati kwenye miteremko mikali, mahali palipokuwa na miti. Udongo uliokosa mizizi huteremka. Tuliona korongo lililomeza nusu ya njia, na ukingoni mwake nyumba ambayo mlango wake wafungukia hewani. Mwenyewe angali anakaa humo, maana hana pa kuhamia.

Ndani ya korongo hilo watu hutupa takataka: chupa za plastiki, mifuko, ndara zilizokatika. Mama mmoja alituona tukitazama, akatuuliza, “Ndugu zetu, tuzitupe wapi? Gari halifiki huku, na anayezibeba kwa mgongo adai franka.” Hatukuwa na jibu. Ni rahisi kuwakemea akina mama. Kuwapa mahali pa kutupia ni kazi nyingine. Ng'ambo, katika Rwanda, mifuko ya plastiki ilikatazwa mwaka 2008. Kwetu agizo lilitoka mwishoni mwa 2017, nayo mifuko tuliiona sokoni siku ile ile.

Mvua ikinyesha, maji huyachukua yote. Huyapeleka katika kijito cha Kawa, na Kawa hukimbilia ziwani. Huko chupa zaelea. Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Ruzizi, unaoanzia hapo hapo Bukavu na kushuka mpaka Tanganyika. Basi kila kinachoelea, polepole, chasogea kwenye mlango huo.

Kilometa chache chini ya mlango huo limesimama bwawa la Ruzizi ya kwanza, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Nguvu zake ni karibu megawati 30. Mbele ya mashini pana nondo za chuma za kuzuia uchafu. Takataka zikijaa penye nondo, maji hayapiti sawasawa, mashini zapungukiwa na nguvu, na mara nyingine hulazimu kuzisimamisha. Wafanyakazi huziopoa kwa mikono na kwa mitumbwi. Wakimaliza leo, kesho mvua yaleta nyingine. Hivyo chupa iliyotupwa Kadutu yaweza kuizima taa ya Kadutu.

Penye umeme haba, chakula chapikwa kwa makala. Tuliona magunia yake yamepangwa kando ya barabara, marefu kama watu, yameshindiliwa majani mdomoni. Makala hayo yatoka vilimani, na mengine katika mbuga ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka 1970, makao ya gorila. Mwaka 1997 UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Mchoma makala naye ana watoto wanaotaka ada ya shule. Tusimfikirie kuwa adui. Lakini mti ukishaanguka, udongo wafuata, kama tulivyoona asubuhi.

Jioni umeme ulikatika. Katika nyumba tuliyopokewa, wanafunzi watatu walisogeza madaftari yao kuzunguka mshumaa mmoja, mdogo akilalamika kwamba kaka yake amfunika kwa kivuli. Mara mvua ikaanza tena kupiga mabati. Mazungumzo yakanyamaza, na huko nje, mtaroni, tukasikia chupa zikigongana zikiteremka.