Mshipa Upi?

Katanika, hapa Kalemie, ekografi ni neno la wajawazito. Mwanamke akisema anaenda kupigwa ekografi, majirani wanaanza kuhesabu miezi. Nilipomweleza mama mdogo kwamba kwingineko madaktari wa meno hutumia mashine ya namna hiyo kuongoza sindano ya ganzi, alicheka huku ameshika shavu.

Gego lake la chini lilitakiwa kung'olewa. Muuguzi alimwambia dawa itachomwa kwenye mshipa, naye akakataa. “Mu mushipa? Damu ikianza kutoka mu kinywa, nani ataifunga?”

Hofu yake ilikuwa na msingi. Mshipa kwetu ni njia ya damu, ni neva, na hata ngiri huitwa mshipa. Muuguzi alikusudia neva, mgonjwa akasikia damu. Tena vitu hivyo viwili ni majirani: neva ya meno ya chini huingia katika tundu lililo upande wa ndani wa taya, pamoja na mishipa ya damu. Daktari asiye na picha hupapasa ukingo wa mfupa kwa kidole, huchoma, kisha huvuta bomba nyuma kidogo. Damu ikiingia bombani, anajiondoa. Yaani alichokiogopa mama mdogo ndicho daktari anachokikwepa.

Ekografi hutenganisha kile ambacho neno letu linachanganya. Kwenye skrini ateri inadunda, neva haidundi. Lakini mfupa huzuia mawimbi ya sauti, kwa hiyo neva ikishazama tunduni haionekani tena. Wala picha siyo ganzi: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta kwamba kuongoza sindano ya taya la chini kwa ekografi hakukuleta ganzi bora ya meno.

Vitabu vinatupa “mshipa wa fahamu.” Silipendi jina hilo kitandani pa mgonjwa, maana kwa mama mdogo kupoteza fahamu ni kuzimia, na nani atakubali fahamu yake ichomwe sindano? Nilimwambia “mshipa wa maumivu.”

“Ule haubebi damu?”

“Haubebi, mama. Unabeba maumivu tu, na dawa inaufunga kwa saa chache.”

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza bei.